Sikio la Sheikh Songoro

Sheikh Songoro Kabemba alikuwa na jibu moja kwa habari zote. Ukimwambia umepata mtoto, alisema "Alhamdulillahi." Ukimwambia upepo umeng'oa bati lako, "Alhamdulillahi." Ujiji nzima ilimhesabu mtu wa subira, asiyetikiswa na dunia, na wapo waliomtolea mfano kwa watoto wao. Bi. Mwavita peke yake, aliyekuwa mkewe, ndiye aliyejua kwamba mzee hakuwa na subira kumzidi mtu yeyote. Alikuwa hasikii, basi.

Siku alipopokea habari ya msiba wa jirani kwa "Alhamdulillahi, na Mungu awazidishie," Bi. Mwavita hakungoja tena. Alimvalisha kanzu safi, akampandisha treni ya umeme iendayo Mlimani, na safari nzima akamshika mkono kama anayepeleka mtoto kuchanjwa. Sheikh alikuwa akitazama nje, majukwaa ya ziwani yaking'aa kwa mbali na vyombo vidogo vya angani vikileta samaki aina ya migebuka sokoni, na alijifanya kwamba safari hii ni ya matembezi.

Mtaalamu wa masikio aliitwa Dkt. Nyamizi, mwanamke mfupi asiyekuwa na maneno mengi. Aliketi mbele ya mzee, akamjulia hali, akamwuliza habari za watoto, za msikiti na za mahindi ya shamba. Sheikh alijibu yote barabara. Akaanza kumtazama mkewe kwa jicho la unaona sasa. Ndipo daktari akachukua kipepeo cha ukindu kilichokuwa mezani, akajifunika mdomo kama anayejipepea, akauliza swali jingine.

Sheikh alikitazama kipepeo. "Alhamdulillahi," akasema.

"Amekuuliza unavaa kiatu namba ngapi," Bi. Mwavita akamwambia.

Dkt. Nyamizi hakucheka, na kwa hilo tu alistahili shukrani. Alikirudisha kipepeo mezani. "Sheikh, umekuwa ukisoma midomo ya watu tangu lini?"

Mzee alifikiria kukana, akaona haina maana. "Tangu majukwaa yalipoanza kuwekwa ziwani."

"Ni kazi kubwa hiyo. Ninao wanafunzi wanaofundishwa jambo hilo darasani na hawajafika ulipofika peke yako. Lakini inachosha. Ukirudi nyumbani jioni huwa hutaki kuzungumza na mtu."

Bi. Mwavita aligeuka taratibu, akamtazama mumewe. Miaka yote hiyo alidhani kimya cha jioni kilikuwa hasira, na alikuwa amejipekua sana kutafuta kosa lake. "Kumbe," akasema. Sheikh aliitazama sakafu. Aliona haya kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake.

Baada ya vipimo, daktari aliwaonyesha picha ya ndani ya sikio, mahali palipojiviringa kama konokono. Mle ndani, akawaeleza, mna vinywele visivyoonekana kwa macho, na kila kimoja kina sauti yake ya kupokea. Vya Sheikh vya sauti nyembamba vilikuwa vimekufa, na vikifa havioti tena. Kisha akafungua kikasha, akatoa punje mbili zisizozidi choroko.

"Hiki kinaitwa kikamilishi. Hewa ikileta nusu ya neno, chenyewe kinatafuta nusu iliyobaki. Kinajua uko wapi, uko na nani, na watu husema nini mahali kama hapo. Kinajaza pengo kabla hujapepesa jicho, tena kwa sauti ya msemaji mwenyewe. Hutajua kipi kimeletwa na hewa na kipi kimeongezwa."

"Na ubaya wake?"

"Ni huo huo, Sheikh. Hutajua." Akambonyeza nyuma ya sikio. "Ukigusa hapa mara mbili, unatoka kwenye Kamili unaingia Wazi. Wazi kinakuza sauti tu, hakikuongezei kitu. Penye pengo utasikia pengo. Nimesikia wewe ndiye unayefungisha ndoa hapa mjini. Nyumbani na sokoni tumia Kamili upendavyo. Ila panapotolewa neno la kumfunga mtu, uwe Wazi. Nipe ahadi."

Sheikh alitoa ahadi, na aliitoa kwa moyo safi. Tatizo la ahadi za moyo safi ni kwamba hutolewa kabla ya kazi kuanza.

Ndoa ya kwanza aliifunga akiwa Wazi. Sauti ya bi harusi ilimjia kama ya mtu anayesema ndani ya mtungi, akauliza, akauliza tena, na wasichana waliokuwa chumbani wakaanza kufinyana na kucheka. Ndoa ya pili, kidole kilikwenda nyuma ya sikio chenyewe. Majibu yakaanza kuja yakiwa yamenyooka, "Ndiyo, nimeridhia," kila mara, na mzee akatoka chumbani amenyanyua kichwa.

Miaka ile miwili ilikuwa mizuri, tusiseme uongo. Alisikia mawese yakichemka kabla hajafika jikoni. Alisikia mvua inaanzia bati la nani. Jioni aliketi uani na Bi. Mwavita wakasengenya watu kwa adabu, kama walivyokuwa wakifanya ujana wao, na majirani walishangaa kusikia vicheko vya watu wazima. Hata Baraza la Ndoa la Ziwani liliyapenda masikio ya namna hii, likayapitisha kuwa shahidi wa kutosha. Wale mashahidi wawili waliokuwa wakiingia na sheikh chumbani kwa bi harusi waliambiwa wabaki mkekani na wenzao. Sikio la Sheikh likisikia idhini, idhini imepatikana.

*

Zaituni binti Bilali alikuwa aolewe Ijumaa, baada ya swala. Bwana harusi, Yassini, alikuwa fundi wa vizimba vya samaki kwenye Jukwaa la Kaskazini, na mke wake angekwenda kuishi huko, juu ya maji, ambako nchi kavu huonekana siku ya hewa safi tu. Watu walisema ni bahati. Mzee Bilali, baba wa bi harusi, alikuwa amelisema hilo kwa kila aliyepita barazani kwake.

Sheikh aliingia chumbani. Zaituni alikuwa ameketi kitandani, amefunikwa mtandio wa kijani hadi kifuani, na shangazi yake, Bi. Hidaya, amekaa ubavuni. Nyuma yao wanawake wawili walikuwa wakipepea.

"Zaituni binti Bilali," Sheikh akaanza, "umeridhia nikuozeshe Yassini bin Kitenge, kwa mahari mliyokubaliana?"

"Ndiyo, nimeridhia," sauti ikamjia, laini, safi kabisa.

Akanyanyua mikono kuomba dua, na mikono ikaishia hewani. Bi. Hidaya alikuwa bado ameinama, sikio lake karibu na mtandio, midomo ikimchezacheza kama mtu anayemsaidia mtoto kuanza kusoma. Wanawake wa nyuma walikuwa wameacha kupepea. Hakuna aliyepiga kigelegele. Kwake jibu lilikuwa limeshatoka, na chumba kizima kilikuwa bado kinalingoja.

Bi. Hidaya aliinuka akavuta pumzi. "Sheikh, tusichelewe. Kimya cha mwali ni idhini. Si wewe uliyetufundisha?"

Ni yeye, kweli. Alikuwa amelifundisha hilo kwa miaka mingi, na lilikuwa na asili yake katika elimu. Mwali huona haya, na sheria haimlazimishi kutamka. Kwa hiyo hapakuwa na hasara yoyote. Kikamilishi kilikuwa kimesema tu kile ambacho sheria ingesema. Angeweza kushusha mikono usoni, akasema amina, akatoka.

"Nisubirini," akasema. "Natia udhu."

Akapita jikoni akatokea uani, pembeni ya masufuria ya pilau, akaigusa saa yake ya mkononi. Dkt. Nyamizi alipokea upesi, uso wake mdogo ukajitokeza juu ya kiganja cha mzee. Sheikh alimweleza yote, hata habari ya ahadi iliyovunjwa, kwa sauti ya chini iliyowafanya wapishi wasogee kusikia.

"Ngoja nifungue chombo chako," daktari akasema. Akatazama pembeni kwa muda. "Swali lako lipo, limeletwa na hewa. Baada yake hewa haikuleta kitu chochote, Sheikh. Hata herufi moja. Jibu lote limejazwa."

Wengine wangeanza hapo kusema nilikuonya. Yeye hakusema.

"Lakini kimya chake ni idhini," Sheikh akasema. Alijisikia mwenyewe akitetea kitu asichokipenda.

"Hiyo ni elimu yako, siwezi kuingia. Elimu yangu ni hii tu. Wewe hukusikia kimya. Kimya kilikuwepo, ukapewa neno badala yake."

Mpishi mmoja akageuza wali kwa mwiko mkubwa, akautazama moto.

"Sasa nifanye nini, binti yangu?"

"Gusa mara mbili, uwe Wazi. Kisha uwaambie walio mbele yako kwamba husikii. Waambie wakugeukie, waseme polepole. Hiyo ni nusu ya tiba, Sheikh, na wagonjwa wangu wengi huiacha hapa kliniki wakaondoka na chombo tu."

*

Alirudi chumbani, dunia ikiwa imerudi ndani ya mtungi. Hakusimama, aliketi juu ya kigoda mbele ya kitanda, magoti yakilalamika.

"Sikilizeni," akasema. "Mimi ni kiziwi. Si uzee wala si mawazo mengi. Ni kiziwi, na nimewaficha. Haya masikio mnayoyasifu yananisemea pale nisiposikia, na sasa hivi yamenipa jibu ambalo Zaituni hakulitoa."

Wanawake walitazamana.

"Kimya ni idhini kwa mwenye sikio la kukisikia. Kuna kimya cha haya na kuna kimya cha hofu, na anayesikia vizuri huvitofautisha. Kwangu mimi vyote ni kimoja. Kwa hiyo hukumu ile sina haki ya kuitumia, mpaka Mungu anirudishie masikio. Zaituni, utaniwia radhi. Itabidi unijibu kwa sauti, tena kubwa."

"Hiyo ni aibu, Sheikh," Bi. Hidaya akasema, akimgeukia ili amwone mdomo. Alikuwa mwanamke mwerevu, ameshajifunza. "Mwali apige kelele siku ya ndoa yake?"

"Aibu ni yangu, Bi. Hidaya. Yeye anamsaidia mzee."

Zaituni aliuinua mtandio. Uso wake ulikuwa mkavu, wa mtu aliyekwisha kulia siku nyingine. Alimtazama Sheikh moja kwa moja.

"Unasoma midomo, Sheikh?"

"Nasoma, mwanangu."

"Siridhii," akasema. Alilisema polepole, kila silabi mahali pake, kwa sauti iliyopita dirishani ikawafikia wanaume mkekani. "Yassini hana kosa. Sitaki kuishi majini. Nilimwambia baba mwanzoni kabisa, na kumbe, pamoja na masikio yake yote mazima, hakunisikia."

Sheikh Songoro alikuwa amesikia mengi miaka ile, yote matamu. Lakini neno hili lilimwingia kuliko yote, maana halikuongezewa kitu. Alimwonea fahari msichana yule kama angekuwa wake wa kumzaa. Alisimama kwa shida, akasema "Nimekusikia," kisha akaenda kuukinga mlango, kwa kuwa Mzee Bilali alikuwa tayari anakuja na miguu yake mizito.

"Umemfanya nini mwanangu?" Mzee Bilali akauliza.

"Nimemwuliza."

"Humwulizi hivyo mtoto wa watu!"

"Ukimwuliza mtu, Mzee Bilali, lazima uwe tayari na majibu yote mawili. Kama tulikuwa na moja tu, mimi na wewe hatukuwa tunauliza."

Maneno yaliyofuata yalikuwa marefu, na Sheikh alipata bahati ya kutosikia mengi. Kilichowatuliza watu ni Yassini mwenyewe. Aliinuka mkekani na joho lake, akavaa viatu bila haraka, akaja hadi mlangoni. "Nilidhani amekubali," akasema. "Niliambiwa amekubali. Afadhali nimejua nikiwa nchi kavu." Akampa mkono Mzee Bilali, na mkono ule ulimzuia mzee kusema alilokuwa anataka kusema. Kijana wa namna hiyo hakosi mke. Pilau nayo ililiwa yote, maana pilau haikuwa na kosa.

*

Kesho yake asubuhi Sheikh alipanda Mlimani peke yake.

"Nifungulie na ndoa nyingine," akamwambia Dkt. Nyamizi. "Zote tangu uliponipa. Nataka kujua nani alijibu mwenyewe na nani alijibiwa na chombo."

Daktari alitikisa kichwa. Chombo, akaeleza, huhifadhi siku chache tu, kisha hufuta, kwa sababu sikio la mtu hubeba siri za watu wengine. Sheria ile aliitetea mwenyewe ilipokuwa ikitungwa, na bado aliiona ni ya haki, hata leo.

"Basi hakuna wa kuniambia."

"Chombo, hapana." Akaegemea meza. "Na mimi nina langu, Sheikh. Nilikuachia kitufe, nikakuachia na ahadi. Kuanzia leo mtu mwenye kazi kama yako simpi Kamili kabisa. Nimeshawaandikia wenzangu."

Sheikh alimtazama. Alipenda watu wanaokiri hesabu yao bila kupunguza ya mwenzao, na hakuwa ameona wengi. Alimwombea dua, akashuka.

Bi. Mwavita alipoambiwa kwamba mzee anakwenda kuwauliza upya maharusi wote, aliacha kuchambua mchele. "Utavunja nyumba za watu, baba Shomari. Wengine wana watoto sasa. Wameshazoea."

"Huenda."

"Na ukikuta mmoja hakuridhia, utamfanyia nini?"

Hilo ndilo lililomfanya alale macho wazi. Akinyamaza, hakuna nyumba itakayotikisika, na kila mtu atamwita mtu wa hekima. Akibisha hodi, anaweza kuamsha jambo lililokwisha kulala, na hana dawa ya kulilaza tena. "Sijui," akasema. "Lakini nimewahi kusema mbele ya watu na mbele ya Mungu kwamba nimesikia. Siwezi kufa na neno hilo."

Bi. Mwavita aliusukuma ungo wa mchele pembeni. Kisha akaingia ndani, akamtolea viatu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Faida, mke wa mwendesha treni. Alikuja mlangoni na mtoto kiunoni na unga mikononi. Alipoelewa kilicholetwa na mzee alicheka mpaka akaegemea fremu. "Sheikh, nilijibu kabla hujamaliza kuuliza. Mama alinifinya hapa, alama ilikaa wiki nzima. Ingia ule." Mzee akala, akacheka naye, na njia ya kwenda nyumba ya pili ikaonekana fupi.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Riziki, mtaa wa michikichi, ukuta mweupe, ua umefagiliwa vizuri. Sheikh alibisha hodi. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mdogo aliyevaa khanga safi, akamwamkia kwa heshima, akasema mume wake yupo ndani, aitwe?

"Nimekuja kwako wewe, mwanangu," Sheikh akasema, akiwa amesimama mahali ambapo mwanga ungemwangukia mwanamke usoni. "Siku ya ndoa yako nilikuuliza neno. Sikusikia jibu lako, nikawaambia watu nimelisikia. Nimekuja kukuuliza tena."

Riziki hakucheka. Aligeuka akatazama ndani ya nyumba, akatoka nje, akaurudisha mlango nyuma yake taratibu mpaka ukafungika. Akavuta kiti cha barazani, akakifuta kwa pindo la khanga, akamsogezea mzee. Yeye mwenyewe akaketi sakafuni mbele yake, uso juu, ili mzee asipoteze hata neno moja.

"Umechelewa, Sheikh," akasema. "Lakini kaa."